Mndimu Wavuka Maji

Jumamosi ya pili ya Novemba niliamka kabla ya adhana, nikasikia harufu ya udongo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Haikuwa kubwa, ilikuwa ya kulaza vumbi tu, lakini Mtaa wa Narung'ombe, ambao mwaka mzima hunuka maboksi, mafuta ya pikipiki na maganda ya machungwa, alfajiri ile ulinuka kama shamba. Nilijifunga kitenge nikatoka balkoni. Huku juu, ghorofa ya nne, nina ndoo saba za rangi, madumu mawili yaliyokatwa ubavuni na kiroba kimoja cha udongo. Mchaichai ulikuwa umesimama wima. Matembele, yaliyokuwa yamesinyaa tangu Septemba, yalikuwa yametoa vichipukizi vyekundu vyenye vijani vilivyokunjwa bado. Nikarudi ndani kumwamsha binti yangu.

"Amka, mama. Leo tunakwenda kuchukua mndimu."

Nieleze kwanza habari za huo mndimu, maana safari nzima ilikuwa yake.

Hapa ninapoishi, Kariakoo, Dar es Salaam, palikuwa na nyumba ya Bibi, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Uani palikuwa na jiko la wote, bomba, kamba za nguo, na mndimu. Wapangaji walikuja wakaondoka, mndimu ulibaki. Aliyeshikwa na mafua alichuma, aliyerudi na samaki kutoka Feri alichuma, mwenye shughuli ya kuchinja alituma mtoto na bakuli. Sikumbuki hata siku moja ndimu ile kuuzwa. Nyumba kama zile zilijaa Kariakoo, na karibu kila uani palikuwa na kitu kilichoota: mpapai, mwarobaini, mlimau, mrehani kwenye kopo. Kisha viwanja vikapanda bei, familia moja baada ya nyingine ikaingia ubia na wajenzi, wenye mji wakatoa kiwanja na mjenzi akatoa fedha. Sisi pia. Nashukuru nilipata sehemu yangu juu nikabaki mtaani kwetu. Lakini mndimu ulikatwa asubuhi moja kabla Bibi hajamaliza kufungasha vyombo vyake, na mpaka leo nikisikia harufu ya majani ya ndimu yaliyopondwa naliona lile lori likirudi nyuma juu ya matawi.

Mndimu ule, hata hivyo, ulikuwa na mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Serikali ilipokuwa ikihimiza watu wa mjini wasio na kazi waende kulima, Babu alikwenda Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, kwenye kijiji cha ujamaa kilichokuwa kinaanza. Bibi alibaki na nyumba yake Kariakoo, na Babu akawa mtu wa huku na huku. Aliyefuatana naye ni Shangazi, msichana wa miaka kumi wakati huo. Siku ya kuondoka Bibi alimpa mche wa ndimu ulioota wenyewe chini ya ule mkubwa, akauweka katika kopo la maziwa ya unga, akamwambia asiuweke chini mpaka afike.

Mwezi Agosti mwaka huu nilimpigia Shangazi simu nikamwomba mbegu. Akacheka. "Mbegu itakuchelewesha, mwanangu. Niachie mimi. Vuli ikiingia njoo."

Hapo niseme jambo linalonikera kidogo. Redioni na katika vitabu vilivyotafsiriwa mara nyingi nasikia "vuli" ikitumika kwa yale majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika na watu kuanza kuvaa makoti. Neno tumelichukua likiwa hai tukalivika baridi isiyo yake. Vuli ya pwani, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndiyo majira yetu ya kuchipua. Kipupwe kimekwisha, kusi imechoka, kaskazi haijaja. Miembe iliyotoa maua Agosti inapevusha maembe. Mikrismasi inaanza kuwaka nyekundu kando ya barabara. Masika ya Machi mpaka Mei ni mvua ya kutisha, ya mabonde kujaa na watu kuhama nyumba. Vuli huja kidogo kidogo, ikanyesha usiku, ikaacha mchana ukauke. Ni mvua ya mtu mwenye ndoo saba.

Zawadi tulikuwa tumekwisha kununua Ijumaa jioni: sukari kilo mbili, majani ya chai, pakiti za mbegu za bamia na mchicha kutoka duka la pembejeo jirani na Soko Kuu, na mche mmoja wa sabuni. Binti yangu alilifurahia sana hilo la mwisho. "Kwa hiyo tunapeleka mche, tunarudi na mche." Alilirudia njia nzima.

Kila nipitapo Soko Kuu hutazama juu. Beda Amuli, msanifu majengo wetu aliyelichora soko hilo lililofunguliwa mwaka 1975, alilipa paa la zege lililochanua kama miavuli iliyogeuzwa, ili mvua ikingwe na maji yashuke kwenye matangi. Mtu anayejenga soko katikati ya jiji akakaa akafikiria mvua itaangukia wapi, huyo alikuwa na uani moyoni mwake. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lilipoungua tulisimama barabarani, majirani wote, tukitazama moshi bila kusemezana.

Bajaji ilitupitisha Gerezani, ikaingia Barabara ya Sokoine, ikaipita Stesheni, Kanisa la Mtakatifu Yosefu, halafu Azania Front, tukatokea Kivukoni. Upande wa pili wa majengo yale, kule Samora, kuna Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao. Binti yangu alipelekwa na shule yao, akarudi akisimulia mnazi wa Shelisheli ambao nazi yake ni kama nazi mbili zilizoshikana. Ni bustani nzuri, na ningependa watu wa mjini waitembelee zaidi. Lakini mimea yake imeandikiwa majina ya Kilatini. Ile tuliyokuwa tunaiendea imepewa majina ya watu.

Wanaoishi mbali wakisikia Magogoni hufikiria Ikulu, maana ndipo ilipo ile ya Dar es Salaam. Sisi wa Kariakoo tukisema Magogoni au Feri tunamaanisha samaki na pantoni. Saa moja asubuhi mnada ulikuwa umechangamka, vibua na changu wamepangwa mafungu mafungu, wachuuzi wakubwa wamesimama na makapu, mama ntilie wamekwisha kukaanga. Baharini maji yalikuwa yametulia kama ya kisimani. Wavuvi wana jina la utulivu huo wa kati ya pepo mbili, maleleji, na mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alilitamka bila kuulizwa, kama anayetambulisha mgeni: "Maleleji hayo, mama. Safirini."

Katika chumba cha kusubiri tulikaa kama nusu saa. Nauli ya mwendao kwa miguu ni shilingi 200, na kwa fedha hiyo unapata safari ya dakika chache ambayo sijawahi kuichoka. Siku ile ilikuwa zamu ya MV Kazi. Geti likafunguka, watu wakamiminika: baiskeli zenye matenga matupu, bajaji, mikokoteni, wanafunzi wa madrasa, bibi harusi mtarajiwa na mashangazi zake wakiwa na mabeseni yaliyofunikwa. Nilimweka binti yangu mbele yangu kwenye reli. Nyuma yetu jiji lilianza kurudi nyuma, maghorofa yakasogeleana mpaka yakawa kundi moja. Nilimwonyesha upande kulipo kwetu. Hapaonekani, lakini huwa namwonyesha.

Kigamboni ya leo si ile niliyoijua. Tangu Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lifunguliwe Aprili 2016, kuta za viwanja zimeifuata barabara. Daladala ilipita Mjimwema, ikapita Kibugumo, na baina ya kuta na mageti bado niliona vipande vya mihogo, mikorosho yenye mabibo ya njano na mekundu, minazi iliyoinama. Dereva alizima muziki akasikiliza mvua ikipiga paa dakika tano, kisha akauwasha tena.

Gezaulole ni jina la Kizaramo: jaribu uone. Wapo wanaolitaja kwa kucheka, kwa sababu vijiji vingi vya wakati ule havikufika vilikotarajiwa. Kwetu sisi jaribio lilifaulu, na ushahidi ninao.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu huyu? Njoo nikuone. Mbona mmechelewa, mihogo imepoa."

Haikuwa imepoa. Tulikula barazani na chai ya mchaichai, na Shangazi akauliza habari za mtu mmoja mmoja wa mtaani, hata wale wapangaji wa zamani ambao mimi sikujua wamekwenda wapi. Kisha akavaa kandambili akatutembeza. Hivi ndivyo mtu anavyotembezwa kwake. Huu mpera wa mama yako mdogo, aliuleta alipojifungua. Huo mstafeli wa mjomba wa Bagamoyo, Mungu amrehemu. Huu mgomba tulipewa na jirani Mmakonde, akahama, ukabaki. Asumini hii ya arusi yangu. Mwembe dodo ule ulikuwepo tulipofika, hatujui wa nani, kwa hiyo tunamwombea dua aliyeupanda. Binti yangu alitembea nyuma yake akigusa kila shina, na nilisikia akinong'ona majina.

Mndimu uko nyuma ya jiko, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa. Umezeeka, ubavu mmoja umekauka, lakini upande wa mashariki ulikuwa umejaa maua meupe na ndimu changa za ukubwa wa punje ya mtama. Kwenye tawi moja palining'inia kifurushi cha nailoni kilichofungwa huku na huku kama pipi.

Shangazi alitueleza. Mwanzoni mwa Septemba alichagua tawi lenye unene wa kidole gumba. Akalichuna gome pande zote, upana wa vidole viwili, kisha akakwangua kwa kisu ule utando laini uliobaki mpaka mti ukawa mweupe mtupu. "Hapo ndipo wengi wanapokosea," alisema. "Utando ukiuacha, gome linajiunga tena, na tawi halina haja ya kutafuta mizizi. Lazima likose njia." Chakula kinachoshuka kutoka majanini kinafika pale kwenye jeraha, kinakwama, nalo tawi linaanza kuota mizizi papo hapo hewani, mradi lipate udongo na unyevu. Alilizungushia udongo wa kichuguu na nyuzi za makumbi ya nazi zilizoloweshwa, akafunga nailoni. Haya alifundishwa na bwana shamba mmoja wa miaka ile ya kijiji, naye hajayasahau.

Tuliinama wote watatu. Nailoni ilikuwa na ukungu kwa ndani. Nilipoifuta kwa kidole nikaiona: mizizi myeupe, minene kama nyuzi za tambi, imejibanza kwenye nailoni ikizunguka inatafuta pa kutokea. Binti yangu alisogeza uso mpaka pua ikagusa. "Bibi, inapumua," alisema.

"Inapumua," Shangazi alijibu.

Akakata chini ya kifurushi kwa msumeno mdogo, mara sita tu, na tawi likawa mti mikononi mwake. Sikutarajia kulia. Alinipa niushike, akafungua nailoni taratibu, akaushusha katika ndoo ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa chini, akajaza udongo wa shinani mwa mama yake. Halafu akachukua mkasi akapunguza majani nusu. Nilimzuia mkono, nikamwambia mbona unauvua nguo. "Mizizi michanga hii haiwezi kunywesha majani yote haya. Ukiuhurumia utaukausha."

Mchana mvua ikaja kutoka baharini, tuliisikia kabla ya kuiona. Sufuria, ndoo na beseni zikatolewa chini ya bati. Binti yangu alioga mvua na watoto wa jirani mpaka meno yakagongana. Tulikula wali wa nazi, matembele na samaki wa kupaka, ndimu mbichi imekamuliwa juu, ile ile.

Usiku, taa ya barazani ilipowashwa, kumbikumbi wakatoka. Kwanza mmoja, kisha ikawa kama mtu anamwaga pumba hewani. Mtoto wa Kariakoo amewaona wachache kwenye taa za barabarani, hajawahi kuwaona ardhi ikiwatema. Alipiga ukelele, akajificha mgongoni kwangu, baada ya dakika mbili alikuwa katikati yao. Shangazi aliweka beseni la maji chini ya taa. Asubuhi kuku walikuwa na sikukuu, na mabawa yalikuwa yametapakaa barazani kama vipande vya karatasi laini. "Wakitoka hivyo, ardhi imekwisha kunywa," alisema. "Ningekuwa na magoti yangu ya zamani ningepanda mihogo leo."

Tulipanda sisi. Si mingi, matuta manne. Sijui kwa nini sipati nafasi ya kwenda kule mara kwa mara. Ni maji ya dakika chache na daladala moja. Nilikata marando ya viazi vitamu ya kurudi nayo, urefu wa vifundo vitano, na Shangazi akanikumbusha niyaache kivulini usiku mmoja kabla ya kuyafukia, yasinyae kidogo, ndipo yatoe mizizi kwa haraka.

Kabla ya adhuhuri tukaenda Mbwamaji kwenye kaburi la Babu. Ni mji wa kale ule, una makaburi ya watu waliokuwepo kabla Dar es Salaam haijaitwa Dar es Salaam, na bahari iko karibu kiasi cha kusikia mawimbi ukisoma Fatiha. Vuli ilikuwa imeotesha nyasi juu ya Babu. Shangazi alipiga magoti, yale yale anayoyalalamikia, akang'oa moja moja bila kuacha hata mzizi, akimsimulia kwa sauti ya kawaida. Kwamba mvua imekuja kwa wakati. Kwamba mkorosho wa barabarani umekatwa na wenye kiwanja. Kwamba mndimu wa Mama unarudi mjini leo, umebebwa na huyu.

Tulifika pantoni alasiri, nikiwa na kiroba cha marando na nazi begani, mndimu nimeukumbatia. Nilidhani watu watanisukuma kama kawaida ya Jumapili jioni. Geti lilipofunguka kijana mwenye baiskeli alitanua mikono akapiga kelele, "Mche huo, mpisheni mama," nao wakapisha. Nilipewa nafasi ukutani. Mzee mmoja aliinama akatazama shina.

"Huu si wa mbegu. Umekatwa tawini."

"Ndiyo, baba."

"Basi mwaka wa pili utazaa. Upo wapi?"

"Narung'ombe. Ghorofani."

Alinyamaza kidogo. Akasema yeye alizaliwa Mtaa wa Sikukuu, na kwao uani palikuwa na mlimau na mkomamanga. Akachuma jani moja, kwa ruhusa yangu, akalifikicha, akalitia puani, akashuka Magogoni akiwa bado amelishika. Mama mmoja aliomba marando, nikampa sita. Mwingine akaomba, nikampa manne. Binti yangu alianza kuhesabu yaliyobaki, nikamwambia asihesabu.

Kariakoo tuliikuta imechoka, maduka yanafunga, makuli wamelala juu ya mikokoteni yao, Mtaa wa Kongo umejaa nailoni na maboksi yaliyolowa. Mlinzi wa jengo letu alinipokea mndimu bila kuambiwa akapanda nao ngazi mpaka juu, na kila ghorofa alisimama, akauweka chini, akaugeuza upande usio na mwiba. Tuliuweka balkoni. Taa za mtaani ziliyapiga yale majani yaliyosalia, nayo yakang'aa. Chini yake, kama niko sahihi, na nimewahi kupima kwa hatua kutoka nguzo ya umeme, ndipo uani ulipokuwa.

Simu ikaita. Nilijua ni nani, nikaanza kumwambia kwamba tumefika salama, pantoni haikuchelewa, mtoto hana homa. Shangazi hakungoja nimalize.

"Umeuweka kivulini?"

Binti yangu alikuwa amekwisha kuuburuta nyuma ya ndoo ya mchaichai.

"Uko kivulini, Shangazi."

"Haya. Mpe maji kidogo. Halafu ndiyo unisimulie."